Kusafisha nyumbani filamu ya nyeusi na nyeupe iliyoisha muda

Tarehe ya kwenye boksi la filamu ikishapita, filamu haifi siku hiyo. Inazeeka polepole: uwezo wake wa kuhisi mwanga unapungua, kontrasti inalegea, na utando wake unaanza kujaa ukungu. Ukungu huu ni weusi mwepesi unaotanda kwenye filamu nzima hata pale ambapo mwanga haukufika kabisa. Chembe za chumvi ya fedha zilizomo kwenye jelatini hupata misukosuko miaka yote zinapokaa, hasa ya joto, unyevu na mionzi ya asili iliyopo kila mahali. Chembe iliyovurugwa hivyo ikiingia kwenye dawa hugeuka nyeusi sawa na ile iliyopigwa na mwanga wa kweli. Dawa haiwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo karibu kila uamuzi utakaoufanya hapa chini una swali moja nyuma yake: nitaiinuaje picha juu ya ukungu bila kuuinua ukungu wenyewe? Mwongozo wa kawaida wa kusafisha filamu mpya hauna haja ya kuuliza hivyo, ndiyo maana ukiufuata kama ulivyo kwenye mkanda wa mwaka 1985 unaweza kupata utepe wa kijivu usiosomeka.

Ijue filamu uliyo nayo kabla ya kununua dawa

Swali la kwanza ni kama mkanda umeshapigwa picha au bado. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa. Mkanda ambao haujapigwa unaweza kuongezewa mwanga ndani ya kamera, na mwanga wa ziada ndiyo tiba bora kuliko dawa yoyote. Mkanda uliokwisha kupigwa na kusahaulika kwenye droo hauna nafasi hiyo. Picha iliyojificha ndani yake nayo imekuwa ikififia, na kazi yako ni kulinda kilichobaki.

Swali la pili ni kasi yake, yaani jinsi inavyohisi mwanga, inayopimwa kwa namba ya ISO. Filamu za polepole huzeeka vizuri kuliko za kasi. Kodak Panatomic-X, ya ISO 32, ina sifa nzuri sana kwa hilo, na mikanda yake ya miongo kadhaa bado hutoa negativu safi ikiwa ilitunzwa vyema. Filamu za ISO 3200 ziko upande wa pili, kwani hata kuziweka kwenye friza hakuzizuii kupata ukungu, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kemia lakini haizuii mionzi. Filamu za ISO 100 na 400 ziko katikati.

Halafu ilitunzwaje? Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko umri. Mwaka 1930 miili na vitu vya msafara wa puto wa Andrée, uliopotea mwaka 1897 ukielekea Ncha ya Kaskazini, vilipatikana kwenye kisiwa cha Kvitøya. Miongoni mwake kulikuwa na filamu zilizokaa miaka 33 kwenye barafu na maji. John Hertzberg alizisafisha huko Stockholm na akaokoa picha 93. Baridi ilizisaidia. Mkanda wa miaka 15 uliokaa kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati unaweza kuwa na hali mbaya kuliko filamu hizo.

Angalia pia maandishi ya kwenye kopo au karatasi. Ukiona C-41, jina la mchakato wa kusafisha filamu za rangi, hiyo si filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe hata kama picha zake hutoka bila rangi. Ilford XP2 na Kodak BW400CN ni za aina hiyo. Zinaweza kusafishwa kwa dawa za nyeusi na nyeupe na zikatoa picha, ila hazitakuwa bora kama kwenye mchakato wake. Filamu za rangi za zamani ambazo michakato yake imekufa, kama C-22 ya Kodacolor-X au K-14 ya Kodachrome, njia iliyobaki kwa mtu wa nyumbani ni kuzisafisha kama nyeusi na nyeupe. Kodachrome ina pia tabaka jeusi la masizi mgongoni linalotakiwa kuondolewa, na hiyo ni kazi ya peke yake ambayo siiingii hapa.

Onyo moja ambalo si la kupuuza. Filamu za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1950, zinaweza kuwa za nitreti. Nitreti inawaka kwa kasi ya kutisha na moto wake hauzimiki kwa maji. Ukishuku kwamba mkanda wako ni wa enzi hizo, na kingoni hauoni neno SAFETY, au ukikuta unanata, umegeuka rangi ya kahawia na una harufu kali, usiupashe joto, usiuanike juani, na tafuta mtu wa makumbusho au hifadhi ya nyaraka kabla ya kufanya lolote.

Kama mkanda bado haujapigwa

Utasikia kanuni isemayo ongeza mwanga mara mbili kwa kila miaka kumi iliyopita. Kanuni hiyo ilizaliwa zaidi kwa ajili ya filamu za rangi. Kwa nyeusi na nyeupe iliyotunzwa mahali pa baridi, mara nyingi ni nyingi mno. Kwa iliyoungua na joto, haitoshi. Ichukue kama pa kuanzia tu.

Njia ya uhakika ni kutoa mkanda mmoja kafara, hasa ukiwa na boksi zima la tarehe moja. Tuseme ni filamu ya ISO 100 iliyopita miaka 20. Chagua mandhari moja yenye kivuli na mwanga, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kisha piga fremu ya kwanza kipima mwanga kikiwa kwenye 100, ya pili 50, ya tatu 25, ya nne 12. Rudia kwenye mandhari nyingine mbili. Halafu piga fremu moja kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, maana fremu hiyo tupu itakuonyesha ukungu peke yake. Ukishasafisha, tafuta fremu ya kwanza ambayo vivuli vyake vina maelezo yanayoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo kasi halisi ya boksi lako, na mikanda mingine yote uipige hapo.

Ukisita kati ya namba mbili, chukua ile ya mwanga mwingi. Filamu hizi zinavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua.

Dawa ya kusafishia: hapa ndipo panapotaka akili

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: tangi lisilopitisha mwanga na rili yake ya kuzungushia filamu, mfuko wa giza au chumba kisicho na mwanga hata kidogo, kipimajoto, chombo cha kupimia chenye alama za mililita, bomba la sindano la ml 10 au 20, mkasi, saa, glavu na vibanio vya kuanikia. Chombo chochote kitakachogusa dawa kisirudi jikoni tena. Baadhi ya devilopa, yaani dawa za kuitoa picha, zina metoli na haidrokwinoni, ambazo huwaletea watu wengine vipele na mzio wa ngozi unaozidi kadiri unavyozishika, hivyo glavu si mapambo.

Devilopa ninayoipendekeza kwa filamu ya zamani ni Kodak HC-110. Ina sifa ya kutoa ukungu mdogo kuliko nyingi, inafanya kazi haraka, na huja ikiwa kimiminika kinachokaa muda mrefu kwenye chupa. Mchanganyiko uitwao B ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 31 za maji. Kwa tangi la ml 300, ambalo linatosha mkanda mmoja wa mm 35, hiyo ni ml 9.4 za dawa. Kwa ml 500 za mkanda wa 120, ule mpana wenye karatasi mgongoni, ni karibu ml 16. Ndiyo sababu unahitaji bomba la sindano: kosa la ml 2 hapa ni kubwa.

D-76, au ndugu yake ID-11 wa Ilford, ni chaguo la pili zuri, lakini itumie nzito bila kuongeza maji. Rodinal, iliyoanza kuuzwa mwaka 1891, ni tamu kwa filamu za polepole. Tumia 1 kwa 25.

Nachelea kusema, maana ina wapenzi wengi, lakini ile mbinu ya kuweka Rodinal ya 1 kwa 100 kisha kuliacha tangi litulie saa nzima siipendi kwa filamu ya zamani. Watu huichagua kwa sababu haihitaji kujua muda sahihi wa filamu. Tatizo ni kwamba saa nzima ndani ya dawa ni saa nzima ya ukungu kukua, na kontrasti ambayo tayari imelegea inazidi kulegea. Filamu ya zamani inataka dawa yenye nguvu, muda mfupi, joto lisilozidi.

Kuna kitu cha kuongeza: benzotriazoli, kemikali inayouzwa ikiwa unga kwa wauzaji wa kemikali za picha. Inazuia chembe zisizopigwa na mwanga zisigeuke nyeusi kwa urahisi. Tengeneza maji yake ya asilimia 1, yaani g 1 ndani ya ml 100 za maji ya moto, maana kwenye baridi haiyeyuki vizuri. Kisha ongeza ml 5 hadi 10 kwa kila lita ya devilopa iliyokwisha kuchanganywa. Usiimwage kwa ukarimu. Inapunguza ukungu lakini inakata pia kasi ya filamu, na vivuli hafifu ndivyo vinavyotangulia kupotea. Kwa mkanda ambao haujapigwa hilo si neno, utaongeza mwanga. Kwa mkanda uliokwisha kupigwa, anza na ml 5 au usiweke kabisa mpaka kipande cha majaribio kikuambie.

Muda wa kusafisha upatikane kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi au kwenye orodha za watengenezaji. Kwa mfano, kwa nyuzi 20, filamu ya HP5 Plus kwenye HC-110 B ni dakika 5, na kwenye ID-11 nzito ni dakika 7 na nusu. Tri-X 400 kwenye D-76 nzito ni karibu dakika 6 na robo tatu. Anza na muda uliochapishwa. Wanaokushauri uongeze nusu ya muda kwa sababu filamu ni ya zamani wanakupotosha, kwa kuwa ukizidisha muda ukungu unakua kwa kasi kuliko picha.

Kipande cha majaribio

Sehemu hii ndiyo watu wengi huiruka, na mimi ningeiruka ya mwisho. Unahitaji vipande vitatu vidogo vya filamu hiyohiyo, kila kimoja cha sentimita 2 au 3.

Kwa mkanda wa mm 35, ulimi unaotoka nje ya kopo umeshapigwa na mwanga, hivyo kata vipande viwili hapo. Kipande cha tatu lazima kiwe hakijaona mwanga, na hicho kinapatikana gizani, kwenye mwisho kabisa wa mkanda karibu na spuli, baada ya fremu ya mwisho. Ukiwa na mkanda wa thamani ambao hutaki kuugusa mara mbili, fanya majaribio kwa mwingine wa boksi moja uliotunzwa nao pamoja.

Kipande cha kwanza, kutoka kwenye ulimi, kitie moja kwa moja kwenye fiksa, dawa inayoondoa chumvi ya fedha ambayo haikugeuka nyeusi, bila devilopa. Kinaweza kufanyiwa hivyo mchana kweupe. Kitageuka maziwa, kisha kitakuwa angavu. Pima sekunde zilizopita mpaka uangavu huo, utazihitaji baadaye. Kipande hiki sasa ni plastiki tupu, yaani rangi ya filamu bila ukungu wowote.

Kipande cha pili cha ulimi kisafishe kwenye devilopa kwa muda kamili, kisha fiksa. Kinatakiwa kiwe cheusi tititi. Kikitoka kijivu, devilopa yako imechoka, na umelijua hilo kabla haijaharibu kitu.

Kipande cha tatu, ambacho hakijaona mwanga, kisafishe vilevile lakini gizani, ndani ya tangi. Kinachoonekana juu yake ni ukungu mtupu. Sasa viweke vyote vitatu dirishani, juu ya karatasi yenye maandishi. Ikiwa cha tatu ni kijivu chepesi na maandishi yanasomeka bila taabu, endelea kwa muda uleule. Ikiwa maandishi yanaonekana kwa shida, rudia na benzotriazoli ml 5 kwa lita, kisha ml 10, na ulinganishe. Ikiwa cha tatu kinakaribia weusi wa cha pili, hakuna nafasi iliyobaki kwa picha kukaa. Mkanda mtupu wa namna hiyo uutupe tu. Uliopigwa, usafishe hata hivyo, maana katikati ya mkanda mara nyingine huwa na hali nzuri kuliko ncha.

Kuingiza filamu kwenye rili

Filamu iliyokaa imekunjwa miaka 30 imezoea kukunjamana na haitaki kunyooka. Ndani ya mfuko wa giza, huku mikono ikitoka jasho, inaweza kukutoa machozi. Kwanza fanya mazoezi kwa mkanda mbovu ukiwa macho wazi, kisha macho yakiwa yamefumbwa.

Rili ya plastiki lazima iwe kavu kabisa. Unyevu kidogo tu unaifanya filamu igande njiani. Kata kona mbili za ncha ya filamu kwa mshazari ili isijikwae kwenye mifereji. Kwa mkanda mgumu kupita kiasi, rili ya chuma ni bora, kwa kuwa inaanzia katikati kwenda nje na ukaidi wa filamu unakusaidia badala ya kukupinga. Kwa mkanda wa 120, ng'oa taratibu utepe wa gundi unaoshika karatasi ya mgongoni. Ukiuvuta kwa nguvu, gundi ya zamani inaweza kutoa cheche ndogo za mwanga, na cheche hizo huacha alama.

Filamu ikikataa katikati ya njia, usilazimishe. Iweke ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono uikaushe, upumzike, kisha urudi. Mkanda wa 620 ni filamu ileile ya 120 kwenye spuli nyembamba, hivyo rili ya 120 inaufaa. Wa 127 una upana wa mm 46, na rili nyingi za plastiki zina nafasi yake. Wa 116 una upana wa mm 70 na hauingii kwenye rili za kawaida. Huo watu huusafisha kwenye trei, gizani, wakiupitisha mkono kwa mkono.

Na mwanga mwekundu? Usiuwashe. Kuna filamu za zamani zisizohisi mwekundu, lakini nyingi zinahisi kila rangi, na jina pekee halitoshi kukutambulisha: Verichrome ya awali na Verichrome Pan ni filamu mbili tofauti kwenye jambo hili.

Kusafisha kwenyewe

Weka chupa zote, pamoja na ya maji ya kusuuzia, kwenye beseni moja lenye maji ya nyuzi 20. Mahali penye joto, tumbukiza vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya beseni, si ndani ya dawa. Ikishindikana kabisa kushuka, fanya kazi kwa nyuzi 24 na upunguze muda. Kilichokuwa dakika 10 kinakuwa karibu 7. Ukiona muda umeshuka chini ya dakika 4, punguza nguvu ya dawa kidogo, vinginevyo filamu itatoka na mabaka. Jambo muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba dawa zote na maji yote yasipishane zaidi ya nyuzi 2 au 3. Jelatini ya zamani imechoka, na mshtuko wa joto unaweza kuifanya ijikunje kama ngozi ya mkono uliokaa kwenye maji.

1. Mimina maji matupu ndani ya tangi, acha dakika 2, mwaga. Yanaweza kutoka ya bluu, kijani au zambarau. Ni rangi ya mgongoni mwa filamu, usishtuke.

2. Mimina devilopa kwa mkupuo, washa saa. Ligongeshe tangi mezani mara mbili ili mapovu yatoke. Lipindue mfululizo kwa sekunde 30 za mwanzo, halafu mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Usitikise kwa hasira, kwani kutikisa kupita kiasi kunakuza kontrasti kingoni. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kuisha. Devilopa hiyo usiitumie tena.

3. Zuia kazi yake kwa maji ya asidi ya limau, g 15 kwa lita, sekunde 30 mpaka dakika moja. Siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu moja kwa tatu za maji, inafanya kazi hiyohiyo.

4. Fiksa. Ile ya kasi yenye thiosulfati ya amonia, 1 kwa 4, kwa kawaida humaliza dakika 3 hadi 5, lakini wewe una namba yako: sekunde zile za kipande cha kwanza. Zizidishe mara mbili, na kwa filamu kama T-Max na Delta zizidishe mara tatu. Tabaka nene za zamani hukawia. Pindua tangi kila nusu dakika. Baada ya hapo unaweza kufungua kifuniko na kuchungulia.

5. Suuza. Njia ya Ilford inaokoa maji: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Mimi huongeza raundi moja kwa filamu ya zamani. Ikibaki na rangi ya waridi, hasa T-Max, irudishe kwenye fiksa mpya kidogo na uisuuze tena.

6. Dakika moja kwenye maji yasiyo na chumvi yenye matone machache ya Photo-Flo, dawa inayofanya maji yateleze bila kuacha madoa, 1 kwa 200. Usipitishe vidole wala sponji juu ya filamu kukamua maji. Utando laini unachunika. Ining'inize bafuni mahali pasipo vumbi, na kibanio kizito chini, maana hii itataka kujikunja tena.

Kusoma ulichokipata

Ikishakauka, angalia kwanza kingo, si picha. Kiwandani kingo zilipigwa namba na jina la filamu kwa mwanga. Namba zikiwa zinaonekana lakini hakuna picha, dawa zako zilifanya kazi. Mkanda haukuwahi kupigwa au haukusogea ndani ya kamera. Kingo zikiwa tupu kabisa, angavu kama kioo, basi devilopa ilikuwa imekufa au fiksa ilitangulia. Kwenye mkanda ulioungua sana, hata namba hizo zinaweza kumezwa na ukungu, kwa hiyo zitafute kwa taa kali kabla ya kutoa hukumu.

Ukungu wa umri umetanda sawasawa, au umezidi kidogo kingoni ambako hewa na unyevu viliingia. Mistari myeusi inayoingia kutoka pembeni ni mwanga uliovuja, pengine kutoka kwenye kamera yenyewe. Madoadoa, au namba na duara zinazorudiwa katikati ya picha za mkanda wa 120, zimetoka kwenye wino wa karatasi ya mgongoni iliyokaa na unyevu. Hilo halina dawa, na wapo wanaolipenda.

Negativu nzito ya kijivu haimaanishi umeshindwa. Macho huiona kama imekufa wakati skana au kamera ya dijitali iliyowekwa juu ya meza ya mwanga inaweza kupenya. Ipige kwa mwanga mwingi, kwenye faili ghafi, kisha uvute kontrasti kwenye kompyuta. Ukichapa kwa mkono, ongeza muda wa mwanga na tumia karatasi au kichujio cha daraja la 4 au 5.

Ipo pia dawa ya Farmer, iliyojulikana tangu 1883, mchanganyiko wa feriksianidi ya potasiamu na hypo (thiosulfati ya sodiamu), inayopunguza weusi kwenye negativu iliyokwisha kusafishwa. Inafanya kazi, lakini inakula kila sehemu kwa kiasi kinachokaribiana, na vivuli vyenye maelezo kidogo ndivyo vinavyoisha kwanza, tena bila kurudi. Skani kwanza. Halafu jaribu kwenye fremu usiyoijali, mbali na asidi yoyote, madirisha yakiwa wazi.

Fiksa iliyotumika usiimwage kwenye sinki wala bustanini. Ina fedha iliyoyeyuka, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe vya majini. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo na uipeleke studio inayosafisha filamu au kituo kinachopokea taka za kemikali. Kabla ya hapo unaweza kuitumia kwa mikanda kadhaa. Kila mara pima kwa kipande cha ulimi, na muda wa kuwa angavu ukifika mara mbili ya ule wa fiksa mpya, imekwisha.

Mwisho, ukiwa bado unakumbuka, andika juu ya boksi la mikanda iliyobaki: kasi uliyoitumia, dawa, muda, joto, mililita za benzotriazoli. Kisha ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uirudishe kwenye friji. Ukiitoa siku nyingine, iache ipate joto la chumbani saa kadhaa kabla ya kufungua mfuko, ili umande usitulie juu ya filamu.